Vijinyasi vya bluu kwenye ramani

Kama umefanya Jiografia ya KCSE basi ile karatasi unaijua, ile ramani ya 1:50,000 mnayopewa kwa mtihani, mara ni ya Migwani mara ni ya Yimbo, na huko hujawahi kufika maisha yako yote lakini unatakiwa upime barabara kwa uzi, useme mto unaelekea wapi, utoe gridi ya tarakimu sita ya shule fulani, alafu uchore mkato wa mlima na ukikosea skeli mlima wako unatoka kama sindano. Mimi nilitoka kwa ile rumu ya mtihani nikaapa hatutaonana tena. Miaka kumi na kitu baadaye niko sebuleni usiku wa manane, maji yamefika magotini, kochi limeanza kuelea upande mmoja, na kumbe hio karatasi ilikuwa inajua kitambo.

Hii ilikuwa Aprili 2024, mvua ile wote tunaikumbuka. Nilikuwa nimekodi nyumba ya chini kabisa kwenye ploti moja upande wa kusini wa mji, zile sehemu za tambarare, na ajenti alikuwa ameniapia kwa jina la mama yake kwamba hapa maji hayajawahi kuingia. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, tukiwa tunatoa matope na sepetu kesho yake akaniambia, "Kijana, hapa zamani tulikuwa tunatembea na gambuti mpaka Juni." Nikamuuliza mbona hukuniambia nikihamia. Akasema, "Hukuniuliza, uliuliza ajenti."

Basi nikaanza kuuliza. Nina rafiki saveya, nikamwambia shida yangu, akacheka, alafu akanitumia skani ya karatasi ya Nairobi ya zamani, namba 148/4. Hio namba nayo ina mpango wake: nchi imekatwa vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, kila kipande kina namba, alafu kila kimoja kimegawanywa mara nne, 1 na 2 juu, 3 na 4 chini. Kwa hivo 148/4 ni ile kona ya chini kulia ya kipande cha 148. Na kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, kwamba mahali unapotafuta wewe patakuwa ukingoni, utahitaji karatasi mbili ama nne, uzibandike na selotepu kama daftari la mtoto.

Nikaifungua kwa simu kwanza, nikaona haitoshi, nikaenda kwa saiba nikaprinti kubwa. Aisee. Upande wa magharibi kontua, ile mistari ya mwinuko, zimebanana, mito imeshuka mmoja baada ya mwingine ikielekea mashariki, kila mto na kabonde kake, na hapo ndio udongo mwekundu ule wa mashamba ya kahawa. Alafu ukivuka reli ukishuka kusini na mashariki kontua zinaachana, unaweza kuweka kidole kizima katikati ya mstari na mstari. Huko ndio kuna ule udongo mweusi, blakikotoni, unaopasuka kiangazi mpaka unapoteza slipa ndani, na mvua ikinyesha unavimba unakuwa gundi. Chini yake kuna mwamba mgumu, fonolaiti, kwa hivo maji hayana pa kwenda, yanakaa tu juu yanangoja. Yaani maji ya Nairobi hayahitaji mto kufurika ndio yakufikie. Yanahitaji tu mahali pa kulala.

Na mji wenyewe ulianzia hapo. Wamaasai walisema Enkare Nairobi, maji baridi, sio mlima baridi wala upepo baridi. Reli ilifika Mei 1899, na wenye reli walikuwa wanatafuta mahali tambarare pa kupanga mabehewa kabla ya kuanza kupanda kuelekea kwa bonde la ufa. Hakuna aliyefikiria mahali pa kulea watoto. Mwaka wa 1902 tauni ikaingia, bazaa ikachomwa, na kwa miaka mingi baadaye madaktari waliandika wakilalamika juu ya vinamasi vilivyokuwa kando ya mto. John Ainsworth, yule afisa wa kikoloni aliyehamishia ofisi yake hapa, alipanda mikaratusi mingi mjini, sisi tunaita bluugamu, na mti huo kazi yake inajulikana, unakunywa maji kama uko na deni nayo. Shikeni hio bluugamu, nitairudia.

Sasa hapo ningeishia, nihame, nitafute nyumba ya juu (nilihama). Lakini ukishaanza kuangalia hizi ramani ni kama karanga. Nikamuomba yule rafiki karatasi ya upande wa kwetu ushago, upande wa Kiambu, huko juu kidogo.

Wacha niseme kidogo venye zilitengenezwa, kwa sababu hapa ndio nilichanganyikiwa na raha. Baada ya vita ya pili ya dunia, 1946, Waingereza walianzisha idara ya upimaji ya makoloni, mkuu wake Brigedia Martin Hotine, na wakatumia ndege za jeshi, zile Lancaster zilizokuwa zinabeba mabomu Ujerumani, skwadroni namba 82, zikaja Afrika kupiga picha. Ndege inaenda mstari mmoja mnyoofu, picha inapigwa ikipandana na ile ya kabla yake, alafu huko Uingereza mtu anakaa na picha mbili za mahali pamoja, anaziangalia kwa mashine, jicho hili picha hii jicho lile picha ile, na ardhi inainuka mbele yake kama iko hai. Kwa hio ardhi iliyoinuka ndio alikuwa anafuata kontua. Yaani kuna mtu alikuwa anauangalia mteremko wa kwa shosho yangu ukiwa umeinuka mezani, Uingereza, labda na kikombe cha chai kando, na hajui hata mtu mmoja hapo. Ukiangalia vizuri utaona alama ndogo ndogo zenye namba zimetawanyika kwa ramani, hizo ndio katikati za picha zenyewe, ukiziunganisha unaona ndege ilipita wapi.

Na kwenye ya kwetu, kando ya kamto, kulikuwa na vijinyasi vya bluu. Mnavijua, vile vishada vidogo vya mistari mitatu minne vikisimama juu ya kastari. Ufunguo wa pembeni unasema ni kinamasi cha mafunjo. Vimejaa bonde lote, kutoka kwa njia ya miguu mpaka mahali mito miwili inakutana.

Mimi nimekulia likizo zote huko na sijawahi kuona kinamasi. Nimeona nepia, nimeona nduma, nimeona ng'ombe wa anko wakilishwa, nimeona bluugamu ndefu sana kwenye mstari. Kinamasi hapana.

Nikaweka ramani juu ya picha ya setilaiti kwa kompyuta na hapo nikapoteza usiku mzima, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimehama. Mto uko mlimani, kanisa liko mtoni. Nikadhani skani ni mbovu. Saveya akaniambia asubuhi, ramani zetu za zamani zimefungwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, simu na setilaiti zinatumia WGS84, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya kama mita 300 kaskazini-kusini. Mita mia tatu! Watu wanachukua koodineti kutoka karatasi ya zamani wanaweka kwa simu wanachimba kisima kwa jirani. Nikasahihisha, vitu vikakaa mahali pake, na pale pale katikati ya vijinyasi vya bluu ukakaa ule mstari wa bluugamu, umenyooka kabisa kama rula, isipokuwa mahali pamoja ambapo unapinda kwenda kushoto, unazunguka kitu, alafu unarudi kunyooka. Nikashangaa ni nini hicho kinazungukwa. Kwa setilaiti hakuna kitu hapo, nyasi tu.

Kusema ukweli nilikasirika. Nilikuwa nimeshaharibikiwa na kochi, kwa hivo nilikuwa na hasira ya jumla na watu wote wanaokausha maji alafu wanauza. Nimekuwa nikisoma pia ya kwingine. Marekani kule Indiana kuna mto Kankakee, ulikuwa na kinamasi cha kama ekari nusu milioni, kwa ramani za zamani mto unajikunja kama utumbo, alafu mwanzoni mwa karne ya ishirini wakaunyoosha kwa mashine, na ramani za baadaye zinaonyesha mfereji tu na mahindi. Hizo zao unazishusha kwa intaneti bure, za kuanzia miaka ya 1880, unakaa unalinganisha mwaka kwa mwaka. Hapa kwetu kuna Yala, ambapo kipande cha kile kinamasi kimefanywa mashamba tangu miaka ya 60 na 70, na mpaka leo watu wa Siaya na Busia bado wanabishana ni ya nani. Kwa hivo nilijua adui wangu ni nani. Ni kampuni, ni serikali, ni mkoloni, chagua mmoja. Nikaprinti karatasi ya ushago, nikaikunja, nikapanda matatu Jumamosi nikaenda kumwonyesha shosho venye bonde lake lilichukuliwa.

Shosho yangu ako karibu tisini. Huniita mume wake, kwa sababu mimi ndio nimebeba jina la babu, na akikasirika na mimi husema anataka talaka. Nikamwekea ramani mezani, nikahamisha flaski, akavaa miwani akaiangalia kwa muda mrefu bila kusema kitu, nikadhani haoni. Alafu akaweka kidole mahali.

"Kijiji kiko wapi?"

"Kijiji gani?"

"Kile cha emajensi. Tulikuwa tunaishi hapa wote, nyumba zimepangwa kama meno, na mtaro umezunguka. Hakiko."

Na kweli hakiko. Ramani ina vijidoti vyeusi vya nyumba vimetawanyika juu ya kila mgongo wa kilima, kila boma kivyake. Emajensi ni ile hali ya hatari ya mkoloni wakati wa Mau Mau, na watu walianza kusombwa kuingizwa vijijini 1954, zaidi ya watu milioni moja kwa muda mfupi, sehemu zote za Kikuyu, kwa hivo picha hii ilipigwa kabla ya hapo. Shosho ndio alinisomea tarehe ya picha, sio mimi, na mimi ndio nilikuwa nimebeba skeli na kalamu. Akaendelea kuangalia. Akasema boma la wakwe zake lilikuwa juu hapa, akagusa doti moja, sijui kama ndio hio lakini hakusita.

"Na sisi tulitoka juu tukaja huku chini vipi?"

Hapo akavua miwani. Sikuwahi kuuliza hilo swali na ni ajabu, kwa sababu jibu liko wazi kwa mtu yeyote wa huko wa umri wake. Mwaka huo huo wa 1954 ndio ule mpango wa Swynnerton ulikuja, wa kukusanya vipande vya mashamba. Kila mtu alikuwa na kashamba hapa, kengine kule, wanajumlisha wanakupa pamoja mahali pamoja, wanapima, unapewa namba, na kuanzia hapo unaweza kupanda kahawa na kufuga ng'ombe wa gredi. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Lakini mashamba yaligawanywa watu wengi wakiwa kizuizini, na kamati ikikaa wewe uko Manyani, nani atakusemea? Babu alikuwa Manyani. Alirudi akakuta vipande vyake vya juu vimejumlishwa, vimepimwa, na alichopewa ni hapa. Bondeni. Kwa vijinyasi.

"Tulipewa vyura," shosho akasema.

Na mimi nimekaa hapo na hasira yangu ya mazingira imeshikwa mkononi kama mwavuli ndani ya nyumba.

"Kwa hivo nani alikausha?"

"Mimi."

Sio peke yake. Wanawake kumi na mmoja, anawataja mmoja mmoja na jina la mtoto wa kwanza, wenye mashamba kando ya bonde lote. Walianza mwezi wa Januari maji yakiwa chini, kila mmoja na jembe na panga, walianzia chini pale mito inapokutana wakapanda juu, kwa sababu ukianzia juu unajimwagia maji mwenyewe. Hio mimi sikujua na nina digrii. Mafunjo yalikuwa yanakatwa yanarushwa kando, chini yake kuna matope meusi yenye harufu ya yai, na mtu akizama mpaka kiunoni wanamvuta kwa leso. Mmoja aliachia gambuti yake huko, gambuti ya mumewe, mpya, na mpaka leo iko huko, shosho anacheka akisema hivo mpaka anakohoa. Misimu miwili. Mwaka wa tatu wakapanda nduma kwa matuta, alafu nepia, alafu ng'ombe wa kwanza akanunuliwa, na karo ya baba yangu ikatoka kwa hio ng'ombe. Yaani mimi kujua kusoma ramani ya hicho kinamasi kumelipiwa na kinamasi kukauka. Wacha niiache hapo, sijui niiweke wapi.

Bluugamu zililetwa baadaye na anko, miaka ya themanini, kando ya mtaro, kwa sababu mtaro ulikuwa unajaa matope na kuzibua ni kazi, akasema mti utafanya kazi ya jembe. Ukafanya kupita kiasi. Kisima cha shosho kilishuka mpaka kamba ikaongezwa mara mbili. Mwaka wa 2009, Michuki akiwa waziri wa mazingira, alipotangaza bluugamu zing'olewe karibu na maji, anko alikata nusu akauza kwa nguzo, nusu zikabaki, ndio zile za setilaiti. Nduma sai zinanunuliwa sokoni. Kwa mtu wa bondeni hio ni aibu kidogo na hatuisemi mbele ya wageni.

Anko mwenyewe akaingia tukiwa hapo kwa meza. Akaiangalia ramani kwa sekunde tano. "Hii iko na namba za ploti?" Nikamwambia hapana, hii ni ya sura ya nchi, mipaka iko kwa ile nyingine ya rejista. Akapoteza hamu. Ana mtu kutoka mjini anataka kununua kipande cha chini akate vipande vya hamsini kwa mia, na huyo mtu atakuja kiangazi, atakuta pako pakavu pazuri, na ajenti atamwapia kwa jina la mama yake. Nikamwonyesha anko vijinyasi vya bluu. Akasema, "Hio ni ya kitambo." Nikamwambia pale Kikuyu kinamasi cha Ondiri kipo bado, Mto Nairobi unatokea hapo, ukikanyaga ardhi inatikisika kama godoro, hii yetu ilikuwa ya aina hio hio, maji hayajasahau. Akasema maji hayana akili ya kusahau wala kukumbuka, akaenda kufunga ng'ombe. Kwa hilo siwezi kubishana naye.

Kabla sijaenda nikamuuliza shosho kuhusu ile pinda. Nilikuwa na picha ya setilaiti kwa simu nikamwekea kando ya ramani, nikamwonyesha mstari umenyooka, hapa umepinda, hapa umenyooka tena. Nilikuwa nimewaza jiwe, ama mizizi ya mti mkubwa, ama kaburi.

Akachukua peni yangu bila kuomba. Peni nyekundu. Akaanza kuchora mtaro juu ya karatasi yangu, kutoka chini kwenda juu, venye walichimba, mkono unatetemeka lakini haukatiki, na nikataka kumzuia kwa sababu nimelipia hio printi alafu nikanyamaza. Alipofika mahali pake akapinda kushoto.

"Hapa kulikuwa na mama mmoja. Yeye alikuwa ameshapanda nduma kwa maji, hata kabla yetu, nduma kubwa kama kichwa cha mtoto. Tulipofika hapa akasimama katikati na panga, akasema mimi sijawaita. Tukamzunguka."

"Na sai hapo ni pa nani?"

"Ni petu, alituuzia. Hapo ndio ng'ombe ya anko wako huzama kila Aprili."